Zipu Haina Kosa

Usiliweke chini, Zamzam, hapo pana grisi.
Lete mezani, kando ya cherehani.
Basi ni saa ngapi? Kumi na moja alfajiri?
Na sasa hivi wanaadhini alasiri
ndipo unakumbuka kwamba begi lina mdomo.

Miaka kumi na minne nashona hapa Barani,
na kila anayeingia ana neno lile lile:
"Nyevu, zipu mbovu."
Zipu haina kosa.
Zipu ni bawabu tu;
mkosaji ni yule aliyealika watu mia
kwenye chumba cha watu kumi.

Fungua tuone.

Blanketi la nini? Kapenguria kuna baridi, sawa,
lakini kuna maduka pia,
na watu wa huko hawajifuniki majani.
Litoe. Chukua sweta mbili, ile nzito uivae njiani:
mwilini hakuna anayekutoza mzigo.

Viatu jozi nne. Una miguu mingapi?
Moja uivae, moja iende chini kabisa, upande wa magurudumu,
na soksi uzishindilie ndani yake.
Kiatu kitupu ni nyumba isiyo na mpangaji.

Mabuyu!
Mabuyu na sare nyeupe za uuguzi!
Kuna bwana harusi wa Muyeye
alifika ukweni na kanzu ina madoa mekundu,
akaulizwa kama amepigana njiani.
Yatie kwenye kopo, kopo ulishike mkononi.
Utagawia majirani zako wa kiti
na hayatafika Kilifi.

Achari, ifunge nailoni kabla ya kifuniko.
Mafuta ya nazi yataganda huko. Usiyatupe, hayajaharibika.
Yaweke dirishani penye jua,
yatakumbuka kwao.

Barua ya kazi na kitambulisho, vikae kifuani.
Nakala zake hapa, nakushonea mfuko chini ya bitana,
wala sikudai kwa hilo.
Pesa ya chai na ya choo iwe karibu na kidole.
Na namba ya mama yako iandike kwenye karatasi,
kwani simu ikizima
hata mama huzima nayo.

Tena usiku wa leo watakuja kukuaga.
Kila mmoja atakuja na kifurushi:
cha mjomba, cha shemeji wa Kitale,
"kidogo tu, mwanangu, hakina uzito."
Pokea salamu. Kifurushi kirudi kwao.

Haya, na hiki je, kilichofungwa leso?
Kigumu. Kina pembe.

Zamzam.
Mbuzi?
Mbuzi ya kukunia nazi, hadi Kapenguria?
Nazi yenyewe utaikuna ipi, mama?

Hukuweka wewe.
Naona. Fundo hili si la msichana,
ni fundo la mtu aliyefunga gizani
wenzake wakiwa wamelala.
Na ulimi wake wa chuma, tazama,
ndio uliotafuna zipu usiku kucha.

Ningekuwa mkweli wa kazi yangu
ningekwambia irudi nyumbani.
Kilo zake naziona kwa macho.

Nipe kitambaa kile cha kaki.
Tunauvika ulimi soksi mbili, hivi, tunafunga kamba,
tunaikunja, inalala bapa palipokuwa na blanketi.
Na mshono nitaupitisha mara mbili,
uzi wa turubai.
Mwambie hukuiona. Ukifika, mpigie,
mwambie umeiona.

Mia mbili. Basi, mia.

Sasa libebe, uzunguke nalo duka hili mara tatu.
Likikuelemea hapa penye bahari,
kwenye mlima wa watu halitakuwa jepesi.
Toa tena jozi moja ya viatu.
Hapo. Umetembea kama mtu.

Nenda ukalale mapema. Orodha uiandike leo,
kesho asubuhi uwe unafuta tu, hufikirii.

Zamzam!
Weh, Zamzam!
Chaja.